Kofia ya Mgeni

Stoo yangu ni mabati sita na kufuli moja
pembeni mwa jengo la ghorofa nne, Soweto, Mbeya.
Nagawa kofia ngumu asubuhi,
nazipokea jioni zikinuka jasho na saruji.
Thelathini na mbili. Nazihesabu
kama mwenye vifaranga akiona kivuli cha mwewe.

Ya thelathini na tatu ni ya mgeni.
Nyeupe, kubwa, haina mwenyewe,
na mama Subilaga wa chakula
huiazima kuwekea vitunguu.

Juni, saa mbili, Loleza bado imejifunika gubigubi,
pumzi zinatutoka kama moshi wa kuni mbichi,
akaja mkaguzi wa halmashauri.
Faili kwapani, viatu vya ngozi vyenye ncha,
kichwani kofia ya sufi, ya kufuma, rangi ya ugoro.

Nikasema: Shikamoo.
Nikasema: Kofia, mzee.
Akaigusa sufi yake. "Hii hapa."
Hiyo ni ya baridi, nikamwambia.
Hapa tunaogopa kingine.

Hakukasirika upesi. Watu wa ofisi hukasirika kwa utaratibu.
Kwanza aliusoma ubao wetu wa langoni,
ule wa rangi nyekundu iliyochuruzika:
KILA MFANYAKAZI AVAE KOFIA NA BUTI.
Akausoma tena, kidole hewani,
kama anayefuata ufa ukutani.
Kisha akatamka, kwa sauti ya kikao:
"Mimi si mfanyakazi."

Juu kwenye mirunda ya mikaratusi
miiko ikanyamaza.
Halafu Ngailo, aliyekuwa akipiga lipu ghorofa ya pili,
akajibu bila kugeuka:
"Hilo tulikuwa tunalihisi."

Walicheka mpaka ndoo ya zege ikasimama katikati ya kamba.
Mimi nilibana midomo, nikalitazama daftari.

"Mimi ni Serikali," akasema.
"Nimekuja kuwakagua ninyi. Mkaguzi hakaguliwi."
Na kusema kweli nilikosa jibu,
maana ubao sikuuandika mimi,
na aliyeuandika hakuwaza
kwamba kichwa kinaweza kuja na faili
badala ya karai.

Nilichokuwa nacho kilining'inia msumarini:
kofia ya Lwitiko, ya mwezi wa tatu,
yenye tundu moja utosini.
Lwitiko yupo. Anakula, anatania,
shingo yake hugeukia upande mmoja tu.
Nikaishusha, nikaiweka juu ya faili.

Akatia kidole tunduni. Kikazama hadi pingili ya pili.
"Ilikuwa nini?"
Nyundo.
"Ya nani?"
Ikishaponyoka, mzee, haina mwenyewe.

Hapo akaivua sufi, akaikunja, akaitia mfukoni.
Kipara chake kilifuka mvuke kwenye ule ubaridi,
na ghafla nikakiona ni kichwa tu,
chenye kovu la zamani nyuma ya sikio
ambalo hakuna mtu aliyemuuliza.

Nikamimina vitunguu kwenye beseni,
nikapangusa maganda, nikampa.
Ikamtumbukia mpaka kwenye nyusi.
Buti sikuwa nazo za saizi yake; alipanda na ncha zake,
na kila ngazi nilimsikia akihesabu kwa Kinyakyusa.

Lakini kabla ya kupanda kulikuwa na daftari.
Safu ni tatu: tarehe, sahihi,
na ya katikati, jina la mfanyakazi.
Kalamu yake ilitua pale katikati
ikakaa, ikakaa.
Akaandika jina. Mwandiko mzuri, wa shule za zamani.

Alishuka baada ya saa moja, magoti yana chokaa.
Alikuwa ameona ngazi isiyo na kishikio,
waya uliolala majini,
na shimo ghorofa ya nne lililofunikwa kwa boksi.
Akatupa siku saba. Hakutabasamu. Hakuaga.

Ubao uko vilevile, nyekundu yake inazidi kuchuruzika.
Mama Subilaga ananilaumu kwa beseni dogo.
Jioni nilihesabu, nikarudia,
nikaandika chini, kwa kalamu ya risasi:
Kofia ya mgeni, moja.
Imeondoka na Serikali.
Haijarudi.